Wageni wa Siku Nyingi: Nyumba, Kazi na Likizo za Wahudumu wa Ng'ambo katika Usambara na Korogwe

Katika kumbukumbu za sharika nyingi za Usambara na za tambarare ya Korogwe, jina la mmisionari huandikwa likiwa na tarehe mbili: siku aliyofika na siku aliyoondoka. Kati ya tarehe hizo hapaandikwi mengi. Hapaandikwi nani alimtekea maji, mkewe alishinda vipi alipokuwa peke yake, watoto wake walisoma wapi, wala familia ilikwenda wapi ilipochoka. Lakini wazee wanapoketi na kuwakumbuka wageni hao, huyataja zaidi mambo hayo madogo kuliko hotuba zilizotolewa siku ya kuweka jiwe la msingi.

Sura hii inahusu mambo hayo. Inahusu nyumba za wahudumu waliotoka mbali, hasa wale waliokuja mke na mume wakiwa wamekwisha kula chumvi nyingi, na inahusu safari zao za mapumziko. Likizo, au livu kama walivyosema wazee, yaweza kuonekana jambo dogo mbele ya habari za ubatizo na ujenzi wa makanisa. Hata hivyo ni wakati wa likizo ndipo ilipojulikana nani ni mgeni na nani ni mwenyeji, na kazi ilikuwa imeshikwa na mikono ya nani.

Waliokuja mke na mume

Johann Jakob Greiner, aliyefika Dar es Salaam mwaka 1887 akiwa mmisionari wa kwanza wa shirika la Kiprotestanti lililokuwa limeundwa mjini Berlin mwaka uliotangulia, hakuwa kijana. Alikuwa mtu wa makamo aliyefundishwa katika chuo cha St. Chrischona karibu na Basel, na alikuwa amekwisha kufanya kazi miaka mingi huko Ethiopia. Alikuja na mkewe na binti wa ndugu yake. Kwa hiyo, tangu mwanzo, kazi hii katika pwani na bara yetu ilianza ndani ya familia, mezani na jikoni, kabla haijawa na jengo la kanisa. Vita vya Abushiri vya 1888 na 1889 viliwakuta katika hali hiyo, wakakimbia kwa muda na kuacha kila kitu, kisha wakarudi kuanza upya. Baadaye Greiner aliendelea hadi Kisarawe.

Usambara ilifikiwa mwaka 1891, wakati Ernst Johanssen na Paul Wohlrab walipofungua kituo cha Mlalo, ambacho Wajerumani walikiita Hohenfriedeberg. Vuga ilifuata mwaka 1895, Lutindi 1896, na Bumbuli 1899. Lutindi, iliyo katika wilaya hii ya Korogwe, ilianza kama makao ya watoto waliookolewa utumwani. Baadaye kidogo ikaanza kuwapokea wagonjwa wa akili, kazi ambayo imeendelea kwa zaidi ya miaka 100. Waliotumwa huko walikuwa mashemasi na wake zao, watu wa kazi za mikono, waliozoea kuishi chumba kwa chumba na wale waliowahudumia.

Hapo pana tofauti ambayo watu wa Korogwe waliiona mapema kuliko wengine. Tambarare hii na Bonde kwa ujumla ilikwisha kuwa shamba la ndugu wa Kianglikana wa misheni ya Vyuo Vikuu, UMCA, ambao walikuwa na kituo chao kikuu Magila karibu na Muheza. Wamisionari wa UMCA walitumika bila mshahara, wakipewa posho ndogo tu pamoja na chakula na malazi, na ilitakiwa wabaki bila kuoa au kuolewa maadamu wapo kazini. Kwa maana ya leo walikuwa wahudumu wa kujitolea kabisa. Walutheri wa milimani nao walikuja na wake, vitanda vya watoto na cherehani. Mzee wa Kisambaa au wa Kizigua aliweza kumstahi padre asiye na mke, lakini alipata taabu kumwelewa, kwa kuwa katika mila zetu mtu asiye na nyumba hakabidhiwi neno zito. Mmisionari mwenye mke, aliyeonekana akigombezwa kwa kuchelewa chakula, alieleweka upesi zaidi.

Siku ya kawaida ilianza kwa kengele na ibada fupi. Baada ya hapo walikuja wenye vidonda, kwa maana kila nyumba ya mmisionari ilikuwa zahanati, awe amesomea tiba au hakusomea. Kisha shule, kisha ujenzi: kufyatua matofali, kupasua mbao, kuchimba mfereji wa maji. Jioni ilikuwa ya lugha. Johanssen na Wohlrab walikaa na wasaidizi wao Wasambaa kutafuta neno moja moja hadi Kisambaa kikapata maandiko yake. Kazi kama hiyo ilizaa matunda makubwa baadaye, wakati Karl Roehl, aliyejifunza Kiswahili chake katika nchi hizi, alipotoa Biblia ya Kiswahili iliyokamilika mwaka 1937 akisaidiwa na Martin Nganisya na Andrea Ndekeja. Majina ya hao wawili yangestahili kujulikana na kila mtoto wa kipaimara.

Kuhusu wake wa wamisionari lazima isemwe wazi kwamba historia imewadhulumu. Mume ndiye aliyetumwa, ndiye aliyeandikiwa barua na kuandikwa katika taarifa. Mke alifundisha wasichana kushona, alizalisha, aliuguza, alipika kwa ajili ya wageni wasio na idadi, na alibaki peke yake na watoto mume alipozunguka mitaani kwa majuma. Na kwa yote hayo hakuwa na cheo wala mshahara wake mwenyewe. Ikiwa neno kujitolea lina maana yoyote, lilianza kwa hao. Pembeni yao walisimama mpishi, dobi, mtunza bustani na yaya, watu wa hapa hapa, ambao bila wao nyumba ile isingesimama hata mwezi mmoja.

Njia ya kwenda Ulaya

Kabla ya reli, kutoka Tanga kwenda Mlalo ilikuwa safari ya miguu ya siku kadhaa. Wapagazi walibeba masanduku kichwani, na wanawake na wagonjwa walibebwa kwa machela. Reli ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika Muheza, kama kilometa 40 tu, mwaka 1896. Ilifika Korogwe mwaka 1902, na Mombo mwaka 1905. Tangu hapo Mombo ikawa mlango wa Usambara: hapo ndipo mtu aliposhuka akitoka pwani, na hapo ndipo alipoagwa akienda Ulaya.

Likizo ilikuwa ya aina mbili. Kulikuwa na mapumziko ya karibu, ambayo watu wa tambarare waliyahitaji zaidi. Anayeijua Korogwe katika mwezi wa Februari haulizi kwa nini mgeni kutoka nchi ya theluji alitamani kupanda milimani. Lushoto, iliyoitwa wakati huo Wilhelmsthal, ilipendwa kwa baridi yake, na Amani katika Usambara ya Mashariki, ambako Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa mimea mwaka 1902, ilipokea wageni wengi. Wengine walishuka kinyume chake, kutoka ukungu wa milimani hadi upepo wa bahari wa Tanga na Pangani.

Aina ya pili ilikuwa likizo kubwa ya kurudi nyumbani baada ya miaka kadhaa. Meli za kampuni ya Deutsche Ost-Afrika Linie, iliyoanza mwaka 1890, zilipita Aden na mfereji wa Suez, na safari ilichukua majuma kadhaa. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kampuni hiyo ilikuwa hata na meli iliyoitwa Usambara. Sababu kubwa ya likizo hiyo ilikuwa afya. Malaria iliwamaliza, na homa ya mkojo mweusi, iliyowapata hasa waliomeza kwinini bila utaratibu, iliua upesi. Makaburi ya wageni katika vituo vya zamani, mengi yakiwa mafupi kwa sababu ni ya watoto, yanaeleza kwa nini bodi za misheni ziliwataka watu wao wapumzike.

Lakini likizo ilikuwa pia mahali pa machozi. Wakirudi Afrika, wengi waliwaacha watoto wakubwa kwa ndugu au katika mabweni, wakasome. Baba na mama waliokwenda kuwafundisha watoto wa wengine walikaa miaka bila kuwaona wa kwao. Katika miaka ya 1930 watoto wa Kijerumani waliweza kusoma Lwandai, huku huku Usambara, na mzigo huo ukapungua kwa baadhi yao. Mwafrika aliyemwona mama wa misheni akirudi bila mwanawe alijiuliza ni upendo gani huo. Na swali hilo lilikuwa halali.

Na nani alibaki? Mmisionari alipokuwa safarini, mwalimu na mwinjilisti ndio waliopiga kengele, waliofundisha katekisimu, waliozika. Wao hawakuwa na livu ya kwenda popote. Posho yao ilikuwa ndogo, na shamba lao ndilo lililowalisha. Hakuna meli iliyowangoja Tanga.

Hata hivyo wapo waliosafiri. Mwaka 1907 Johanssen na Gerhard Ruccius walipokwenda kufungua kazi nchini Rwanda, Wakristo kutoka Usambara walikuwamo katika msafara. Vijana wa Kisambaa waliacha migomba yao, wakaishi ugenini katika nchi ya baridi na lugha ngeni, wakajifunza upya kusalimu na kula. Kila kinachosemwa katika sura hii juu ya uchovu na upweke wa mgeni kiliwapata hao pia, nao hawakuwa na likizo ya kurudi nyumbani iliyoandikwa katika mkataba.

Likizo isiyo na tarehe ya kurudi

Mara mbili katika karne iliyopita wageni waliondoka bila kutaka. Majeshi ya Waingereza yaliichukua Usambara mwaka 1916, na kufikia 1920 wamisionari wa Kijerumani waliosalia walirudishwa kwao. Kazi ya Bethel haikuruhusiwa kuanza tena hadi mwaka 1925. Kwa miaka hiyo sharika zilishikwa na walimu na wazee. Kisha Septemba 1939 vita vilipoanza tena, na kwa ukali zaidi mwaka 1940, wamisionari wa Kijerumani wakawekwa kizuizini au kuhamishwa, na nyumba zao zikafungwa.

Mzigo wa kuzisaidia misheni hizo zilizoachwa yatima ulichukuliwa kwa sehemu kubwa na Kanisa la Augustana la Marekani. Safari za watu wake zinastahili kukumbukwa. Aprili 17, 1941, meli ya Kimisri iliyoitwa ZamZam, iliyokuwa njiani kutoka New York kuelekea Cape Town ikiwa na wamisionari zaidi ya 100, ilipigwa mizinga na meli ya kivita ya Kijerumani katika bahari ya Atlantiki. Lillian Danielson alikuwamo na watoto wake sita, akija kwa mumewe, Elmer, aliyekuwa Tanganyika. Abiria waliokolewa na meli ile ile iliyowashambulia, wakapelekwa Ufaransa, na Wamarekani wakarudishwa makwao. Ralph Hult alikuwa katika meli hiyo pia. Alikuwa amepita umri wa miaka 50, na alikuwa amewahi kufanya kazi Tanganyika miaka ya 1920. Mtu mwingine angesema imetosha. Yeye aliiacha familia yake na kupanda meli tena. Akafika, akafanya kazi kwa muda mfupi, akafa kwa malaria mjini Dar es Salaam mwezi wa Machi 1943.

Haya yakiisha kusemwa kwa heshima, neno la pili nalo lisemwe. Misaada ya Augustana ilikuwa ya watu wachache waliogawanywa katika nchi kubwa. Waliojaza mimbari za Usambara na tambarare kila Jumapili walikuwa wachungaji na wainjilisti wenyeji. Mambo yaliyofikiriwa kuwa hayawezekani bila mmisionari yaliwezekana kwa sababu mmisionari hakuwapo. Kanisa la Usambara-Digo halikuingia katika umoja wa KKKT Juni 19, 1963 kama mtoto aliyeshikwa mkono. Lilikuwa limekwisha kukaa peke yake mara mbili.

Watu wa namba

Kwa sharika zilizo chini ya milima, kama hapa Kerenge, habari hii haikamiliki bila kuwataja wasafiri wengine ambao hawakupata hata heshima ya kuitwa wageni. Mwaka 1893 Richard Hindorf alileta mkonge kutoka Amerika. Ilisalimika miche 62 tu, ikapandwa karibu na Pangani. Kutoka miche hiyo yalitokea mashamba yaliyojaza mkoa mzima wa Tanga, hadi nchi ikauza zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka mapema katika miaka ya 1960. Mashamba hayo yalihitaji mikono, na mikono ililetwa kutoka mbali: Wabena, Wakinga, Wanyamwezi, Wamakonde, Waha na wengine. Waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alitambuliwa kwa namba yake. Tangu 1944 ofisi ya waajiri wa mkonge, SILABU, iliwaandikisha na kuwasafirisha kwa maelfu.

Manamba alikuwa na mkataba kama mmisionari, na kama mmisionari alitoka kwao kwenda kuishi kwa watu asiowajua lugha. Alikaa kambini, akapewa posho ya unga na maharage, akakata majani kufuata kipimo. Mkataba ukiisha alirudishwa kwao, au akabaki. Wengi walibaki. Miongoni mwao walikuwamo waliotoka Njombe na Makete, nchi za misheni ya Berlin, waliokuwa Walutheri kabla hawajaiona Tanga. Ushirika wa Kilutheri wa tambarare hii una damu ya watu hao kama ulivyo na damu ya milimani, na Krismasi ya kwanza waliyosherehekea kambini mbali na mama zao ilikuwa likizo yao yote.

Babu na Bibi wa kujitolea

Uhuru ulileta aina nyingine ya mgeni. Tanganyika ilikuwa kati ya nchi za kwanza kupokea vijana wa Peace Corps mwaka 1961. Waingereza wa VSO, Wadenmark, Wajerumani na Wajapani walifuata. Walikuja hasa vijana, walimu na mafundi, kwa miaka miwili, wakiwa na baiskeli au pikipiki. Peace Corps iliondoka mwaka 1969 ikarudi 1979.

Taratibu umri ukabadilika. Huko kwao watu walistaafu wakiwa na afya, watoto wamekua, nyumba imelipwa. Mfano uliojulikana sana ulikuwa wa Lillian Carter, mama wa aliyekuja kuwa Rais wa Marekani, aliyekwenda India na Peace Corps mwaka 1966 akiwa na umri wa miaka 68. VSO, iliyoanza mwaka 1958 na vijana waliotoka tu shuleni, ilikuja kupokea hata wastaafu. Ujerumani iliunda mwaka 1983 shirika la wataalamu wastaafu, Senior Experten Service. Makanisa nayo yaliona kwamba mwuguzi mkuu, fundi wa hospitali, mhasibu au mwalimu aliyestaafu aweza kuja na mwenzi wake kwa mwaka mmoja au mitatu, akiishi kwa pensheni yake. Walifika katika hospitali, shule na vituo vya huduma vya milimani na tambarare.

Lakini kabla ya kuwasifu, ikumbukwe kwamba Afrika ilikwisha kuuliza kama wanahitajika. Mwaka 1971 Mchungaji John Gatu wa Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki, nchini Kenya, alitoa shauri kwamba wamisionari waondoke kwa muda usiopungua miaka 5, na fedha zao zisimame, ili kila upande ujitambue. Mkutano wa makanisa ya Afrika uliofanyika Lusaka mwaka 1974 uliunga mkono wito huo. Wengi walikasirika. Watu wa Usambara wangeweza kuwaambia kwamba likizo ya namna hiyo walikwisha kuijaribu, tena bila kuombwa ridhaa, na kanisa lilipona.

Kwa hiyo wazee hawa wa kujitolea walikuja kwa sharti jipya: kwa kualikwa, na chini ya mchungaji, mganga mkuu au mkuu wa shule aliye mwenyeji. Waliingia kwa kibali cha ukaazi cha daraja C, pamoja na wanafunzi na watafiti, na kibali hicho chenyewe kiliwafunza uvumilivu wa kukaa kwenye benchi la ofisi.

Maisha yao yalikuwa na mambo yake ya kuchekesha na ya kuumiza. Saa ilikuwa taabu ya kwanza. Aliyealikwa saa mbili asubuhi alifika saa nane mchana, akakuta vyombo vimekwisha oshwa. Salamu ilikuwa ya pili. Mzungu mzee, aliyezoea kwao kupitwa barabarani kama nguzo, ghafla aliamkiwa shikamoo na kila mtoto, na ilimpasa kujifunza kwamba marahaba haitoshi bila kuuliza habari za nyumbani. Wengine walisema wazi kwamba uzee wao ulipata thamani huku. Kwa upande wake mwenyeji alimtii babu huyo hata alipokosea, kwa kuwa mkubwa hakanushwi mbele za watu. Na mgeni aliyedhani kila mtu amekubaliana naye aligundua baada ya miezi sita kwamba hakuna aliyekubali. Heshima kwa mvi ni njema, ila imewahi kuficha ukweli mwingi vikaoni.

Mengineyo yalikuwa ya kila siku: kuchemsha na kuchuja maji, kufunga chandarua kabla ya giza, kusubiri umeme, hasa mwaka 2006 ambapo mgao uliisumbua nchi nzima. Kupanda kilima kwa magoti yenye miaka 65 kulihitaji fimbo, na kila aliyemkuta njiani alitaka kumbebea mkoba. Kabla ya simu za mkononi barua ilipitia sanduku la posta la hospitali au la parokia, na habari ya kuzaliwa mjukuu ilifika mjukuu akiwa amekwisha kuota jino. Hilo ndilo lililowauma zaidi. Wamisionari wa kwanza waliwaacha watoto. Hawa waliwaacha wajukuu, na mara nyingi mama mzee wa miaka 90 katika nyumba ya wazee. Wenyeji hawakuelewa. Mtu mwenye mama mgonjwa anafanya nini hapa?

Kwenda kuona tembo

Likizo za wazee hawa hazikufanana na zile za melini. Ndege iliwafikisha kwao kwa siku moja, kwa hiyo mapumziko yao mengi yalikuwa ndani ya nchi. Wakati wa Krismasi au shule zilipofungwa walipanda basi Korogwe. Wengine walielekea Segera kisha Dar es Salaam na Unguja. Wengine Moshi, waione Kilimanjaro, kisha Arusha, Ngorongoro na Serengeti. Mwenye kibali cha ukaazi alilipa kiingilio cha hifadhi kilicho chini ya kile cha mtalii, na wengi walikionyesha kibali hicho getini kwa fahari, kama mtu anayeonyesha kuwa naye ni wa hapa.

Waliporudi walikuwa na picha. Picha za tembo na simba zilizungushwa shuleni na kwenye vikao vya kwaya, na hapo ndipo jambo la kufedhehesha kidogo lilipojitokeza. Watoto waliozitazama walizaliwa katika mkoa unaogusa Mkomazi na Saadani, lakini walimwona tembo wa nchi yao kwa mara ya kwanza katika picha ya mgeni. Wala si watoto tu. Mchungaji aliyetumika miaka 30 aliweza kustaafu bila kuiona Serengeti, kwa kuwa likizo yake ilikwenda katika mavuno, harusi, matanga na ada ya shule. Likizo kwetu ni kurudi nyumbani kupalilia. Hakuna ubaya katika hilo; lakini haikuwa sawa kwamba mgeni ndiye pekee aliyefikiriwa kuwa anaweza kuchoka. Bajeti nyingi za miradi zilikuwa na fungu la mapumziko ya mtaalamu, na hazikuwa na fungu kama hilo kwa mwuguzi aliyemsaidia.

Baadhi ya wazee wa kujitolea waliliona hilo wakalifanyia kazi kimya kimya. Walimchukua mpishi au msaidizi wa ofisi katika safari yao, akakaa kiti cha mbele na kula meza moja nao. Wengine hawakuliona kabisa. Wote wawili walikuwa wema.

Kipimo cha kazi yao kilikuwa kile kile cha zamani: nini kilitokea walipokuwa hawapo. Karakana iliyofungwa kwa kufuli mwezi mzima kwa sababu funguo zilisafiri kwenda Unguja ilikuwa imekwisha kufa kabla mwenyewe hajarudi kwao kwa mwisho. Palipokuwa na kijana aliyefundishwa kuagiza vipuri, kuandika hesabu na kusema hapana, mgeni alirudi kutoka likizo akakuta mashine inafanya kazi na mahali pake mezani pana mtu. Wapo walioumia kwa kukuta hivyo. Waliofurahi ndio waliokuwa wameielewa safari yao.

Tangu 1996, misheni ambayo Bethel ilikuwa imejiunga nayo iligeuzwa kuwa ushirika wa makanisa ya Afrika, Asia na Ujerumani, nayo Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ni mwenzi kamili ndani yake. Wachungaji na wahudumu wa Afrika sasa hutumwa Ujerumani kwa miaka kadhaa na familia zao. Huko hujifunza kutembea juu ya barafu, hungoja simu ya nyumbani siku ya Krismasi, huulizwa kama wanasikia baridi, na mwezi wa Julai hupewa likizo wasiyojua waitumie vipi katika nchi isiyo na shamba lao.

Wazee wa kujitolea walipoondoka, kwa kawaida waligawa vyombo. Juma la mwisho nyumba ilijaa watu: huyu alipata sufuria, yule chandarua, mwingine kandili, na mpishi alipata kitanda au kabati. Mizigo miwili tu ilirudi uwanja wa ndege. Vitu hivyo bado vipo katika nyumba nyingi za Usambara na Korogwe, vikiwa vimechanganyika na vile vya misheni ya zamani vilivyobebwa kichwani kutoka Tanga. Katika kabati moja huweza kukaa sahani za mgeni wa mwaka 1930 na vikombe vya mgeni wa mwaka 2003, na mwenye nyumba huvitoa vyote kwa pamoja siku anapopata wageni.